Viazi vya Kivu: kipimo cha udongo kipo, lakini kiwekwe wapi?

GOMA – Kila asubuhi chukudu zinateremka kutoka Kibumba zikiwa zimepakia magunia ya viazi ulaya, pomu de tere kama wengi wetu tunavyosema. Sokoni, mnunuzi anapima kwa macho: ukubwa, ngozi, kama kuna vilivyooza chini ya gunia. Udongo uliobaki kwenye ngozi haumsumbui mtu. Unapanguswa kwa kiganja, unaanguka chini, basi. Lakini gunia hilo hilo likinunuliwa na mlimaji anayetafuta mbegu ya msimu ujao, udongo ule unapanda naye gari hadi shambani kwake.

Katika udongo wa namna hiyo kunaweza kuwa na vifuko vidogo vya rangi ya kahawia, kimoja kikiwa na upana wa nusu milimita hivi, vimejaa mayai ya mnyoo ambao wataalamu wanauita Globodera rostochiensis. Ni mmoja wa nematodi, yaani minyoo midogo sana ya udongo inayonyonya mizizi ya mimea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kule kule viazi vilikotoka. Mwaka 2015 watafiti walitoa ripoti kwamba wameukuta Nyandarua, eneo la viazi la Kenya. Kufikia 2020, ripoti za kwanza zilikuwa zimetoka pia Uganda na Rwanda.

Mtu akisimama Bunagana, Uganda iko mbele ya macho yake. Akisimama Birere, Rwanda ni ng'ambo ya barabara. Viazi vya miteremko ya volkano za Virunga vinalimwa pande zote tatu, kwa aina zile zile za mbegu, na familia zile zile mara nyingi zina ndugu huku na huku. Wilaya za Nyiragongo, Rutshuru na Masisi haziwezi kukaa zikisema kwamba habari hiyo ni ya majirani.

Namna ya kuutambua mnyoo huu haraka, kwa kusoma chembe zake za urithi, yaani DNA, ipo na imekwisha kuthibitishwa. Swali gumu ni pa kukiweka kipimo hicho, ni nani atakayechota udongo, na atafanyiwa nini mlimaji ambaye jibu lake litatoka baya. Bila kujibu hayo, mashine itafika, itapigwa picha siku ya uzinduzi, kisha itafunikwa kwa kitambaa.

Udongo "uliochoka"

Tuanze na mnyoo wenyewe, kwa sababu tabia yake ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Mayai yanalala ndani ya kifuko yakingoja. Mizizi ya kiazi inapoanza kukua karibu, inatoa kemikali udongoni, na kemikali hizo ndizo zinazoyaamsha. Minyoo michanga inatoka, inaingia kwenye mzizi na kuanza kula. Jike linavimba hadi linapasua ngozi ya mzizi na kuonekana kama shanga ndogo sana, nyeupe kwanza, kisha ya rangi ya dhahabu. Likifa, ngozi yake inakauka na kuwa kifuko kigumu chenye mayai 200 hadi 500. Kifuko hicho kinaweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi, na bado baadhi ya mayai yakawa hai.

Juu ya ardhi hakuna alama ya kumshtua mtu. Majani yanakuwa manjano, shina linadumaa, mmea unanyauka mchana hata kama mvua ilinyesha. Mavuno yanapungua msimu hadi msimu, na mahali minyoo ilipojaa yanaweza kushuka zaidi ya nusu. Mlimaji akiona hivyo anasema udongo umechoka. Anatafuta mbolea, pengine kwa deni. Mmea wenye mizizi iliyoharibiwa hauwezi kula mbolea hiyo sawasawa, kwa hiyo deni linabaki na viazi havionekani. Nafikiri hapa ndipo hasara kubwa ya kwanza inapoingia, kabla hata ya kuhesabu magunia: mtu anatibu ugonjwa asiokuwa nao.

Namna ya zamani ya kuutambua ni kukausha udongo, kuuosha kwa maji, kukusanya vifuko kwenye chekeche, kisha kuvikagua kwa hadubini. Ni njia nzuri na haihitaji vifaa vya bei kali. Inachohitaji ni jicho la mtu aliyesomea nematodi kwa miaka, na watu hao ni wachache hata katika nchi tajiri. Tena kuna mtego mwingine. Mnyoo huu una ndugu yake, Globodera pallida, ambaye pia amekwisha kuripotiwa Kenya. Vifuko vyao vinafanana hata mtaalamu anaweza kusita.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Uingereza ilijifunza kwa gharama. Kuanzia mwaka 1966 walimaji wake walipata aina ya kiazi iitwayo Maris Piper, yenye kinga dhidi ya rostochiensis. Wakaipanda kwa wingi. Mnyoo wa kwanza ukapungua, lakini pallida, ambayo kinga ile haiizuii, ikabaki na shamba lote peke yake, na leo ndiyo inayosumbua zaidi nchini humo. Kumpa mlimaji mbegu yenye kinga bila kujua ana mnyoo gani ni kubahatisha.

PCR tunaijua

Kwetu mashariki mwa Kongo, neno PCR halihitaji mkalimani. Wakati wa Covid, watu waliingizwa kijiti puani ili wapate karatasi ya kuvuka mpaka au kupanda ndege. Kabla ya hapo, katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, mashine za GeneXpert zilifanya kazi Beni, Butembo na kwingineko, na majibu yalitoka siku ile ile. Mashine za namna hiyo zinatumika pia kutafuta kifua kikuu.

Kwa udongo kanuni ni ile ile. Kila kiumbe kina maandishi yake katika DNA. Kipimo kinatafuta kipande kimoja cha maandishi ambacho mnyoo huu peke yake unacho, kisha kinakinakili. Nakala moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kimepita nakala bilioni moja, na hapo kinaweza kuonekana. Pallida ina maandishi tofauti, kwa hiyo kipimo kinaitenganisha bila kutegemea jicho la mtu.

PCR ya kawaida inahitaji mashine inayopandisha na kushusha joto mara nyingi, kutoka nyuzi 95 kushuka hadi 60 hivi na kurudi tena, pamoja na umeme usiokatika. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha njia nyingine, LAMP, ambayo inafanya kazi kwa joto moja tu, kati ya nyuzi 60 na 65. Kifaa cha kushika joto hilo kinaweza kuwa kidogo na kutumia betri. Katika aina moja ya LAMP, dawa ndani ya kichupa inageuka kutoka rangi ya waridi kuwa manjano mnyoo ukiwamo. Dakika 30 hadi 60 zinatosha. Watafiti wamekwisha kuitengeneza kwa nematodi za aina nyingi, zikiwamo zile zinazovimbisha mizizi ya nyanya na karoti kwa vinundu ambavyo walimaji wa mboga wanavijua.

Tuwe waangalifu na maneno "chini ya saa moja" ambayo wauzaji wa vipimo wanayapenda. Saa hiyo inaanza kuhesabiwa DNA ikiwa tayari safi ndani ya kichupa. Kuchota udongo, kuukausha, kutoa vifuko, kuvipasua na kusafisha DNA ni kazi nyingine, na kwa kawaida inachukua siku kadhaa. Ni haraka bado ukilinganisha na sampuli kungojea mtaalamu katika nchi nyingine, lakini si uchawi wa kusimama shambani na kupata jibu motari akiwa anangoja.

Udongo wa volkano una siri yake

Jambo hili linazungumzwa kidogo mno, na kwetu lina uzito kuliko bei ya mashine.

Udongo mweusi wa miteremko ya Nyiragongo na Nyamulagira unazaa vizuri kwa sababu umetokana na majivu na mawe ya volkano, tena una mabaki mengi ya mimea iliyooza. Sifa hizo hizo zinasumbua maabara. Asidi za mabaki ya mimea zinazuia kimeng'enya kinachonakili DNA. Madini ya majivu ya volkano nayo yanaikamata DNA na kuishikilia, haitoki. Matokeo ni kwamba kichupa kinaweza kusema "hakuna" wakati mnyoo upo.

Japani, nchi nyingine ya volkano, ilikutana na tatizo hilo zamani. Dawa mojawapo waliyoipata inashangaza kwa urahisi wake: wanaongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta wakati wa kutoa DNA. Protini ya maziwa inashika nafasi zile kwenye chembe za udongo, DNA inaachiliwa. Kwa Kivu maana yake ni kwamba kipimo kilichotayarishwa kwa udongo wa mchanga wa Ulaya hakiwezi kuletwa na kutumiwa hivi hivi. Lazima kijaribiwe kwanza kwa udongo wa Kibumba na wa Masisi, kwa kutia ndani yake vifuko vinavyojulikana idadi na kuona kama kipimo kinavipata. Yeyote atakayekuja na kipimo aulizwe swali hilo kabla ya kupewa nafasi ya kuhutubia.

Kuna pia njia ya kuukwepa udongo wenyewe. Kifuko kikikauka kinaelea. Udongo uliokaushwa ukimwagwa ndani ya maji, mchanga unazama na vifuko vinabaki juu pamoja na takataka nyepesi. Vinakusanywa kwa chekeche lenye matundu madogo, na hivyo ndivyo vinavyopimwa DNA. Kazi ya kwanza inaweza kufanyika kwa mabeseni, mahali popote penye maji. Ni hatua ya mwisho tu inayodai maabara.

Halafu kuna suala la kuchota. Minyoo hii haienei shambani kama chumvi ndani ya supu. Inakaa mafungumafungu, mita chache zimejaa na mita zinazofuata hazina kitu. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 kuhusu minyoo ya viazi iliweka kipimo cha kawaida cha mililita 1500 za udongo kwa hekta, zilizochotwa katika sehemu zisizopungua 100. Kipimo kizuri kuliko vyote duniani kikipewa kijiko kimoja cha udongo kutoka pembeni ya shamba kitatoa jibu sahihi la kijiko hicho tu.

Nyuma ya kipimo lazima kuwe na uamuzi

Australia ya Kusini ina huduma ya kupima DNA ya magonjwa ya udongo tangu 1997. Mlimaji wa ngano anapeleka gramu 500 za udongo kabla ya kupanda, anajibiwa kama hatari ni ndogo, ya kati au kubwa, na pamoja na mshauri wake anachagua aina ya kupanda. Scotland, inayouza mbegu za viazi nchi nyingi, inapima kwa PCR udongo wa mashamba yanayotaka kutoa mbegu. Shamba likikutwa na mnyoo, halitoi mbegu. Nchi hizi mbili hazifanani na zetu kwa fedha, lakini zinafundisha kitu kimoja: hakuna anayepima ili ajue tu. Kila jibu lina kitendo kinacholifuata.

Kwetu, kwenye karatasi, vyombo vipo. SENASEM inashughulika na ubora wa mbegu. SQAV inashughulika na afya ya mimea na wanyama mipakani. INERA ina kituo Mulungu, Kivu ya Kusini, na IITA ina chake Kalambo, karibu na Bukavu. Lakini tangu Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23, mwezi wa kwanza na wa pili 2025, huduma nyingi zilivurugika, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Dawa za kipimo ambazo nyingi zinataka kukaa kwenye baridi kali hazisafiri vizuri katika hali kama hiyo. Zipo zilizokaushwa zinazovumilia joto, na nadhani hizo ndizo pekee za kufikiria kwa sasa.

Hatari ninayoiona ni kukimbilia mpakani. Ni rahisi kuweka meza kwenye bariera na kuanza kuwasimamisha akina mama wanaovuka na mabeseni vichwani. Wataulizwa karatasi, watalipa, na wengine watatafuta njia za pembeni. Mnyoo hautasimama. Biashara ndogo ya mpakani inalisha Goma na Gisenyi kwa pamoja, na kipimo kikigeuka kuwa ushuru mwingine, kila mtu atajifunza kukikwepa.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni kwa wazalishaji wa mbegu. Si wengi: kooperativi na mashamba machache yanayozalisha mbegu kwa ajili ya wengine. Shamba moja la mbegu lenye mnyoo linaambukiza mamia ya mashamba. Shamba moja la chakula lenye mnyoo kwanza linamwumiza mwenyewe. Kupima ya kwanza ni kazi ambayo timu ndogo inaweza kuimaliza ndani ya msimu. Kupima yote ya Kivu hakuwezekani, na anayeahidi hivyo anatafuta mradi.

Jambo la pili ni la sokoni. Chini ya magunia, penye kuchambulia na kuoshea viazi, kunabaki udongo uliotoka mashamba mengi mbalimbali. Ukifagiliwa na kupimwa, unaeleza kama mnyoo umeingia katika eneo bila kumtaja mlimaji yeyote. Wanaopambana na polio wanapima maji machafu ya miji kwa sababu hiyo hiyo. Sokoni Virunga udongo huo unafagiliwa kila jioni na kutupwa.

Na jibu likiwa baya?

Hapa ndipo maandishi mengi ya wataalamu yanapita haraka. Ulaya wanaambiwa wakae miaka sita au saba bila viazi katika shamba lililokutwa na mnyoo, kwa kuwa bila viazi mayai yanapungua polepole tu, robo hadi theluthi hivi kwa mwaka. Mwambie hivyo mama mwenye robo hekta Kibumba, mwenye watoto shuleni, ambaye pengine alikwisha kukimbia vita mara mbili na kurudi. Atasikiliza kwa heshima, na mwezi wa tisa atapanda viazi. Mwaka unaofuata hataruhusu mtu achote udongo wake.

Lakini si kwamba hakuna la kufanya. Mahindi, maharagi na kabichi haviulishi mnyoo huu, wakati nyanya na biringanya zinaulisha. Kubadilisha hata misimu miwili kunasaidia, ingawa hakumalizi. Aina zenye kinga zipo, na kipimo cha DNA ndicho kitakachosema kama zinafaa kwa mnyoo uliopo. Mwaka 2022 watafiti wa kituo cha icipe, Nairobi, pamoja na chuo kikuu cha North Carolina State cha Marekani, walichapisha matokeo ya njia ya kufunga kila mbegu ya kiazi katika karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba na kutiwa dawa kidogo sana. Mashambani Kenya mavuno yaliongezeka. Migomba tunayo. Karatasi hiyo hapa hakuna.

Kwa migomba yenyewe, tusichanganye mambo. Nematodi zinazoangusha migomba ziko Kivu tangu zamani na zinajulikana. Dawa ya chipukizi ni kulimenya mizizi na kulitumbukiza katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Pale hapahitajiki kipimo cha DNA, panahitajika sufuria na kuni.

Viazi ni suala tofauti kwa sababu bado kuna wakati. Tunakumbuka ugonjwa wa BXW, ule unaonyausha migomba na kuozesha ndizi. Ulionekana Masisi mwaka 2001. Watu walihamisha chipukizi na kukatia panga lile lile kutoka shamba hadi shamba, bila kujua wanabeba nini, na baadaye ukafika pia Kivu ya Kusini. Familia zilizokuwa zikiuza ndizi na kasiksi zilibaki na mashina yaliyooza. Wakati ule hapakuwa na kipimo cha haraka karibu. Safari hii kipo, na maabara zilizofundishwa na Ebola zina watu wanaojua kushika kichupa bila kukichafua. Kuwapa mafunzo ya udongo ni kazi ya wiki chache.

Anayepaswa kuamua hajulikani vizuri kwa sasa, na hilo si kosa la sayansi. Kooperativi za viazi, vyuo vya kilimo na mashirika yanayogawa mbegu kwa waliorudi kutoka kambini wanaweza kuanza bila kungoja, hasa hayo ya mwisho. Shirika linalonunua tani za mbegu ng'ambo ya mpaka na kuzigawa bure lina wajibu wa kuuliza shamba zilikotoka lilipimwa lini. Swali hilo halina gharama, na liulizwe kabla ya kutia sahihi mkataba.

Mbegu ya msimu A huanza kutafutwa mwezi wa nane.